Herufi ng' katika Tarakilishi: Sauti Moja, Misimbo Mingi

1.0 Utangulizi

Abiria anayetoka katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Ngong huiacha Kibera upande wake wa kushoto. Akifika Dagoretti Corner, njia ya kwenda Kawangware hukata kulia, naye akishikilia barabara kuu huukaribia mtaa wa Ng'ando. Katika safari hiyo fupi hukutana na majina yaliyoandikwa kwenye vibao vya barabarani, kwenye vioo vya matatu na juu ya milango ya maduka: Ngong, Ng'ando, Kawangware, Lang'ata. Kibera yenyewe ilikuwa ndani ya eneo bunge la Lang'ata hadi uchaguzi wa mwaka 2013, Kibra ilipopata kiti chake. Mwanafunzi wa fonolojia atatambua mara moja kwamba majina haya yana sauti mbili tofauti. Kawangware ina ng ya ngoma. Lang'ata na Ng'ando zina ng' ya ng'ombe. Ngong, ambayo mwisho wake hutamkwa kwa ng', huandikwa bila ritifaa yoyote. Lang'ata nayo utaikuta Lang'ata kwenye kibao kimoja na Langata kwenye kibao kinachofuata.

Tofauti hiyo ikiwa ya rangi na brashi, msomaji huisahihisha kichwani mwake akaendelea na safari. Ikiingia katika tarakilishi, mambo huwa mengine. Msukumo wa makala haya ulitokana na tukio dogo. Niliandika insha ya somo la fonolojia, nikainakili katika barua pepe, kisha nikaenda kuichapisha katika saiba moja ya Kawangware, karibu na kituo cha magari ya nambari 46. Kurasa zilipotoka, kila ng'ombe alikuwa amegeuka kuwa ngâ€™ombe, na neno ving'ong'o, ambalo lilikuwa kiini cha insha nzima, halikusomeka. Mhudumu alisema kwamba tarakilishi ilikuwa na virusi. Nilikubaliana naye siku hiyo kwa sababu sikuwa na maelezo bora zaidi.

Makala haya yananuia kutoa maelezo niliyoyakosa siku hiyo. Yataeleza ng' ni herufi ya aina gani, tarakilishi huihifadhi vipi, kwa nini ina misimbo zaidi ya mmoja, na madhara yanayotokana na hali hiyo kwa wenye majina, kwa watumaji wa arafa na kwa watafiti wa Kiswahili. Mwishoni yatapendekeza hatua ambazo sisi wanafunzi na walimu wa lugha hii tunaweza kuzichukua.

2.0 ng' ni Herufi ya Aina Gani?

Katika othografia ya Kiswahili sanifu, ng' huwakilisha nazali ya kaakaa laini. Ni fonimu moja inayotamkwa kwa mkupuo mmoja, hewa ikipitia puani huku sehemu ya nyuma ya ulimi ikiwa imegusa kaakaa laini. Herufi ng isiyo na ritifaa huwakilisha sauti nyingine: kipasuo g kilichotanguliwa na nazali, kama katika ngoma, nguo na panga. Kwamba hizi ni fonimu mbili na wala si matamshi mawili ya fonimu moja kunathibitishwa na jozi kama ng'oa, yaani kutoa kitu kilichopandwa au kukita, na ngoa, yaani wivu au tamaa. Kinachozitenganisha katika maandishi ni ritifaa peke yake.

Kwa hiyo ritifaa iliyo katika ng'ombe haifanyi kazi ya alama ya kuakifisha. Haionyeshi kwamba kuna herufi iliyodondoshwa, kama inavyofanya katika ushairi mshairi anapopunguza mizani. Haifungui wala kufunga nukuu. Ni sehemu ya herufi, sawasawa na nukta iliyo juu ya i. Tukiiondoa tunakuwa tumeandika herufi nyingine, na pengine neno jingine.

Mbona basi tukachagua kuandika fonimu moja kwa alama tatu? Hati za Kiarabu zilizotumika pwani kwa karne nyingi hazikuwa na herufi mahususi ya sauti hii. Waandishi wengi walitumia ghaini kwa g, gh, ng na ng' pia, wakimwachia msomaji kazi ya kuamua. Hati za Kirumi zilipotawala, palikuwa na njia mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika iliyoasisiwa London mwaka 1926 ilipendekeza alfabeti ya Afrika ambayo nazali hii iliandikwa ŋ, herufi moja kwa sauti moja. Kiswahili hakikuifuata. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, maandishi sanifu yalibaki na herufi zinazopatikana kwenye mashine yoyote ya kupiga chapa. Ritifaa ilikuwapo kwenye kila mashine, ŋ haikuwapo. Uamuzi huo uliokoa gharama nyingi za vitabu na mitambo. Lugha nyingine nyingi za Kenya zimefuata njia hiyohiyo, zikiwemo Kijaluo na Gĩkũyũ, na ndiyo sababu tuna majina kama Nyong'o, Ng'ang'a, Lang'at, Ng'etich na Lung'aho.

3.0 Jinsi Tarakilishi Inavyohifadhi Herufi

Tarakilishi haihifadhi maumbo ya herufi. Huhifadhi nambari. Kila herufi hupewa nambari yake katika orodha ambayo mashine zote zimekubaliana kuitumia, na orodha hiyo ndiyo tunayoiita msimbo wa herufi. Fonti ndiyo huichukua nambari na kuichorea umbo kwenye skrini au karatasi.

Orodha iliyoenea zaidi katika siku za mwanzo ni ile iitwayo ASCII, iliyotangazwa Marekani mwaka 1963 na kupata herufi ndogo katika toleo la mwaka 1967. Ilikuwa na nafasi 128 tu, zikiwemo nafasi za amri ambazo hazionekani. Kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya Kiingereza, ilikuwa na herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache. Kwa bahati njema, Kiswahili hakina herufi yenye kiambishi juu au chini, hivyo kiliweza kuandikwa chote kwa ASCII. Neno ng'ombe huhifadhiwa hivi: 110, 103, 39, 111, 109, 98, 101. Nambari 110 ni n, 103 ni g, na 39 ni ritifaa.

Katika orodha hiyo tayari mna kasoro moja. Nambari 39 ilirithi desturi ya mashine ya chapa, ambako kitufe kimoja kilitumika kama ritifaa, kama alama ya kufungua nukuu na kama alama ya kuifunga. Tarakilishi ikikutana na 39 haina njia ya kujua ni ipi kati ya kazi hizo inayokusudiwa. Kwayo, 39 ni alama ya uakifishaji, si herufi.

Mnamo mwaka 1991 lilitolewa toleo la kwanza la Yunikodi, msimbo unaonuia kuzipa nambari herufi za lugha zote za dunia. Leo Yunikodi ina alama zaidi ya 150,000. Mwaka 1992 ulibuniwa utaratibu uitwao UTF-8 wa kuziandika nambari hizo kwa baiti, na ndio unaotumika katika sehemu kubwa ya wavuti na simu za kisasa. Mtu angetarajia kwamba Yunikodi ingemaliza tatizo la ng'. Kwa namna fulani ililizidisha, kwa sababu iliyatenganisha matumizi ya ritifaa bila ya mtu yeyote kutuambia sisi tuchukue lipi.

4.0 Ritifaa Sita kwa Sauti Moja

Mtu akichunguza matini za Kiswahili zilizopigwa chapa kwenye tarakilishi na simu atakuta ng' imeandikwa kwa angalau alama sita zifuatazo:

(a) Ritifaa iliyonyooka, nambari 39. Ndiyo iliyo kwenye kibodi ya kawaida.

(b) Ritifaa iliyopinda, yaani alama ya kufunga nukuu moja, nambari 8217. Programu nyingi za kuandikia huigeuza (a) kuwa (b) zenyewe, mwandishi asijue.

(c) Alama ya kufungua nukuu moja, nambari 8216. Huingia pale programu inapokosea kudhani kwamba nukuu inaanza, au pale mwandishi anaponakili kutoka kwenye kitabu kilichochapwa vibaya.

(d) Ritifaa-herufi, nambari 700. Hii Yunikodi huihesabu kuwa herufi, na ndiyo inayopendekezwa kwa lugha ambazo ritifaa ni sehemu ya alfabeti. Kwa macho hufanana kabisa na (b).

(e) Alama ya mkazo iliyo pekee, nambari 180.

(f) Alama ya mkazo wa nyuma, nambari 96, ambayo iko pembeni mwa kibodi na hupendwa na wapiga chapa kadhaa kwa kuwa haigeuzwi na programu.

Pana njia ya saba, nayo ndiyo iliyoenea kuliko zote kwenye simu: kuiacha ritifaa kabisa. Katika simu za vitufe za miaka ya 2000 mwandishi alilazimika kukibonyeza kitufe cha 1 mara kadhaa ili aipate. Katika simu nyingi za leo inambidi aache ukurasa wa herufi na kwenda ukurasa wa alama. Wengi huona ni usumbufu, wakaandika ngombe.

Msomaji wa binadamu huziona zote kuwa neno moja. Kwa tarakilishi, maneno yenye nambari tofauti ni maneno tofauti. Hapa pana jambo ambalo wanaisimu hatuna budi kulielewa vyema. Yunikodi ina kanuni za usawazisho: herufi inayoweza kuandikwa kwa njia mbili, mfano ĩ ya Gĩkũyũ, ambayo ni nambari 297 au i ikifuatwa na kiwimbi nambari 771, hutambuliwa rasmi kuwa kitu kimoja, na programu nzuri huzichukulia njia hizo mbili kuwa sawa. Ritifaa zetu hazina usawazisho kama huo. Kwa mujibu wa Yunikodi, 39, 8217 na 700 ni alama tatu zisizo na udugu wowote. Udugu wao uko katika othografia ya Kiswahili na lugha jirani zake, na usiposemwa na wenye lugha hautasemwa na mwingine.

Sasa tunaweza kurejea kwenye ile saiba ya Kawangware. Programu yangu ilikuwa imeigeuza ritifaa yangu kuwa 8217. UTF-8 huiandika nambari hiyo kwa baiti tatu: 226, 128 na 153. Tarakilishi ya saiba ilidhani kwamba matini yalikuwa katika msimbo wa zamani wa Windows ambao baiti moja ni herufi moja, ikazichora baiti tatu kama â, € na ™. Hapakuwa na virusi. Mashine mbili zilikuwa zimesoma nambari zilezile kwa orodha mbili tofauti. Lau ritifaa ingebaki 39, insha ingetoka salama, kwa kuwa nafasi 128 za ASCII zina nambari zilezile katika orodha zote mbili.

5.0 Athari Zake

5.1 Majina ya Watu

Athari nzito zaidi huwapata wenye majina. Jirani yangu mmoja wa Kibera ana jina la ukoo lenye ng'. Kitambulisho chake kina ritifaa. Cheti chake cha kidato cha nne hakina. Alipojaza fomu ya mtandaoni kuomba ufadhili wa masomo, fomu ilimwambia kwamba jina lake lina alama isiyokubalika. Alipoiondoa, mfumo ukasema jina halilingani na kitambulisho. Ilimbidi aende kwa wakili akaapishwa na kupewa hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Hati hiyo ililipiwa, na siku ya kibarua ikapotea. Katika mitaa ambayo wengi hula walichokipata siku hiyo, hasara ya siku moja si jambo la kupuuzwa.

Mbona fomu zikatae ritifaa? Sababu iko katika lugha ya hifadhidata. Katika lugha hiyo, matini hufunguliwa na kufungwa kwa alama nambari 39. Programu iliyoandikwa kwa pupa ikipokea jina Nyong'o hudhani kwamba jina limeishia kwenye Nyong, na kwamba o inayofuata ni amri, nayo amri hiyo haiielewi. Ikakwama. Isitoshe, wahalifu wa mtandaoni hutumia mwanya huohuo kupenyeza amri zao. Waandaaji wengi wa programu wameona njia rahisi ni kuipiga ritifaa marufuku. Njia sahihi inajulikana na si ngumu, nayo ni kutenganisha amri na data, ili chochote kilichoandikwa na mtumiaji kichukuliwe kuwa data tu. Marufuku humwadhibu mwenye jina kwa uzembe wa aliyeiandaa fomu.

Mfumo mwingine haukatai bali huigeuza ritifaa kuwa nafasi, na mwenye jina Wang'ombe akajikuta ana majina mawili, Wang na Ombe. Mwingine hubadilisha herufi zinazofuata alama kuwa kubwa, akawa Wang'Ombe. Makosa yote haya yana chanzo kimoja: mashine imeambiwa kwamba ndani ya jina mna alama ya kuakifisha.

5.2 Arafa

Athari ya pili ni ya gharama. Arafa moja ina nafasi ya baiti 140. Mfumo wa simu hutumia alfabeti yake fupi ambayo kila herufi huchukua biti 7, na kwa hesabu hiyo arafa hubeba herufi 160. Alfabeti hiyo ina ritifaa iliyonyooka. Haina ritifaa iliyopinda, wala ŋ, wala ĩ na ũ. Ikiingia alama moja tu isiyo katika alfabeti hiyo, arafa nzima hulazimika kuandikwa kwa biti 16 kwa kila herufi, na uwezo wake hushuka kutoka herufi 160 hadi 70.

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama cha kuweka akiba kinachowatumia wanachama wake tangazo lenye herufi 150 kwamba mkutano utakuwa Ng'ando. Likiandikwa kwa ritifaa ya 39, ni arafa moja kwa kila mwanachama. Likinakiliwa kutoka kwenye programu iliyoipinda ritifaa, hugawanywa vipande vya herufi 67, nalo huwa arafa tatu. Mweka hazina atalipa mara tatu kwa sababu ya alama moja ambayo jicho lake haliwezi kuitofautisha na nyingine. Atakayeshauriwa kupunguza gharama ataambiwa aondoe ritifaa, na hivyo ndivyo Ng'ando inavyokuwa Ngando.

5.3 Utafutaji, Kamusi na Mikusanyo ya Matini

Kwa watafiti, hasara hujitokeza katika utafutaji. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza, katika mradi wa Map Kibera, kuuchora mtaa wao kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, wakati ambapo ramani nyingi zilionyesha mahali hapo kama uwanda usio na mitaa wala vijia. Kazi kama hiyo hutegemea majina. Jina la mahali likiingizwa kwa ritifaa moja na kutafutwa kwa nyingine, programu isiyosawazisha itajibu kwamba mahali hapo hapapo. Hali ni hiyohiyo katika sheria. Kenya ilikuwa na Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa hadi ilipofutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010. Mwanafunzi wa sheria anayetafuta changaa, chang'aa na chang’aa huweza kupata orodha tatu tofauti za hati.

Katika upangaji wa alfabeti, programu rahisi hufuata ukubwa wa nambari. Kwa kuwa 39 ni ndogo kuliko nambari ya a, ambayo ni 97, maneno yenye ritifaa iliyonyooka hutangulia yote yenye ng. Kwa kuwa 8217 ni kubwa kuliko nambari ya z, ambayo ni 122, maneno yenye ritifaa iliyopinda huja baada ya yote. Orodha moja iliyoandikwa na watu wawili hupangwa hivi: ng'ambo, ngalawa, ngoma, nguo, ng’ombe, nia. Maneno mawili ya herufi moja yametenganishwa na kurasa nzima za kamusi.

Aidha, mtafiti anayehesabu maneno katika mkusanyo wa matini hupata ng'ombe akiwa maneno mawili, ng na ombe, iwapo programu yake huchukulia ritifaa kuwa mpaka wa neno. Kikagua tahajia ambacho orodha yake imeandikwa kwa ritifaa moja hukipigia mstari mwekundu kila neno lililoandikwa kwa nyingine, na mwanafunzi asiye na uhakika huamini mashine akabadilisha tahajia sahihi. Mifumo ya akili unde inayojifunza Kiswahili kutokana na matini ya mtandaoni nayo hulishwa tahajia hizo zote kama maneno mbalimbali. Neno ambalo tayari lina mifano michache katika lugha yetu hugawanywa tena mafungu saba.

6.0 Wenzetu Wamefanyaje?

Luganda kilichukua njia ambayo Kiswahili hakikuichukua. Othografia yake sanifu ya mwaka 1947 ilishika ŋ, na Yunikodi imeipa herufi hiyo nambari 331 kwa umbo dogo na 330 kwa umbo kubwa. Katika tarakilishi ŋ ni herufi kamili. Hakuna fomu inayoweza kuidhania kuwa nukuu. Hata hivyo, kibodi za kawaida hazina kitufe chake, na waandishi wengi wa Luganda kwenye simu huandika ng' kama sisi. Hili linatufunza kwamba msimbo mzuri usio na kitufe haumfai mwandishi wa kila siku.

Gĩkũyũ, ambacho husikika sana Kawangware, kina matatizo yote mawili. Herufi zake ĩ na ũ hazikuwamo katika msimbo wa Ulaya Magharibi uliotawala tarakilishi za miaka ya 1990, ingawa ã, ñ na õ zilikuwamo. Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 28, 2025, lina ng isiyo na ritifaa, ũ, ĩ na ng' yenye ritifaa. Katalogi za maktaba mbalimbali zimeliandika kwa njia nyingi, na msomaji anayetaka vitabu vyake vyote hulazimika kutafuta zaidi ya mara moja.

Mfano wa mbali lakini wenye manufaa ni Kisinhala cha Sri Lanka. Hati ya lugha hiyo ina herufi moja kwa nazali ya kaakaa laini, na nyingine kwa g iliyotanguliwa na nazali. Kwa maneno mengine, tofauti ileile ya ng'ombe na ngoma imepewa herufi mbili kamili, na Yunikodi imezipa nambari mbili zinazofuatana, 3486 na 3487. Sri Lanka ilikuwa imetoa kiwango chake cha kitaifa cha msimbo, SLS 1134, mwaka 1996, kabla ya hati hiyo kuingizwa katika Yunikodi mwaka 1999. Lakini Kisinhala nacho kina kidonda kinachofanana na chetu. Umbo la r linaloambatana na konsonanti, lililomo katika neno Sri la jina la nchi yenyewe, huhifadhiwa kwa mfuatano wa nambari ambao ndani yake mna kiunganishi kisichoonekana, nambari 8205. Programu ikikiondoa kwa kudhani ni takataka, umbo huvunjika na jina la nchi huonekana limekosewa. Kama ilivyo kwa ritifaa yetu, kipande ambacho mashine hukiona hakina maana ndicho kinachobeba herufi.

7.0 Nini Kifanyike?

Kwa nadharia, msimbo unaostahili ng' ni nambari 700, kwa kuwa ndio pekee unaoichukulia ritifaa kuwa herufi. Kiutendaji, hakuna mwanafunzi, karani wala mhudumu wa saiba mwenye kitufe chake. Kuamuru itumike hakutaziondoa njia nyingine zilizopo. Kwa mintarafu hii, makala haya yanapendekeza yafuatayo.

Kwanza, katika kuandika na kuhifadhi, tutumie ritifaa iliyonyooka, nambari 39. Ipo kwenye kila kibodi, ipo katika alfabeti ya arafa, na haiharibiki matini yakihama kutoka msimbo mmoja hadi mwingine. Mwandishi azime ule usahihishaji wa programu unaopinda alama za nukuu kabla ya kuanza kuandika insha au tasnifu. Mchapishaji anayetaka ritifaa iliyopinda kwa ajili ya urembo wa ukurasa aipinde mwishoni, baada ya kuhifadhi nakala iliyonyooka.

Pili, waandaaji wa programu waelezwe kwamba kwa Kiswahili na lugha jirani zake, alama zote sita zikifuata ng na kutangulia irabu zinastahili kuchukuliwa kuwa alama moja wakati wa kutafuta na kulinganisha. Utafutaji mzuri uende hatua moja zaidi, ukamwonyesha aliyeandika Langata matokeo ya Lang'ata pia. Kilichohifadhiwa kisifutwe ritifaa.

Tatu, mwanafunzi anayekusanya data aisawazishe kabla ya kuhesabu chochote, na aeleze katika sura ya mbinu za utafiti alivyofanya hivyo.

Nne, somo la othografia katika vyuo vyetu lisiishie kwenye karatasi. Anayefunzwa kwamba ng' ni fonimu moja afunzwe pia kwamba katika tarakilishi ni nambari tatu, na kwamba ya tatu ina maadui. Vyombo vinavyosimamia lugha, kama BAKITA iliyoasisiwa mwaka 1967 na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi Zanzibar mwaka 2015, vina nafasi ya kuupendekeza msimbo huo, kila kimoja katika eneo lake, kama vinavyosanifisha istilahi.

Huenda wapo watakaouliza kwa nini tusirejee kwenye ŋ tukamaliza udhia. Hoja hiyo ina uzito wa kiisimu. Lakini ingetudai kuchapa upya vitabu vya karibu miaka mia moja, kubadilisha vyeti vya mamilioni ya watu, na kumwambia mkazi wa Chang'ombe kule Dar es Salaam au wa Ng'ambo ya Unguja kwamba jina la mtaa wake limebadilika. Marekebisho yaliyopendekezwa hapa hayamdai mwenye jina kitu chochote. Yanawadai wanaoandaa mashine na wanaofundisha lugha.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ng' ni herufi moja ambayo othografia yetu iliiunda kwa vipande vitatu ili ipate kuandikika kwenye mashine za wakati wake, na kwamba tarakilishi imekichukua kipande cha tatu kuwa alama ya kuakifisha. Kutokana na hilo sauti moja imepata misimbo sita na njia ya saba ya kuiacha kabisa. Athari zake huonekana katika hati za kiapo, katika bei ya arafa, katika ramani na katika data tunazozitegemea kuandika tasnifu zetu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu bado unazibika. Nimeanza na faili zangu mwenyewe, na makala haya yameandikwa kwa nambari 39 kote isipokuwa mahali ambapo mfano ulihitaji nyingine. Jirani yangu naye ameanza upande wake: amemwomba mkuu wa shule aliyosomea amsaidie kupata marekebisho ya cheti, ili jina lake lisomeke kama babu yake alivyolitamka. Bado anasubiri jibu.